Mzee Tone na Mstari wa Bluu

Leo Ijumaa, tarehe 30, Mzee Tone anakabidhi ufunguo wa stoo na kustaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya usafi wa majumbani kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa mujibu wa mkataba alikuwa na miaka miwili mingine ya kutusumbua. Ameiacha kazi kwa hiari yake, akiwa na nguvu zake zote na meno yake karibu yote, kwa sababu moja tu. Mke wake, Mama Simu, amepatwa na ugonjwa wa kusahau, na Mzee ameamua kwamba mama huyo ataendelea kuishi katika nyumba yake mwenyewe, si kwingine. Habari hiyo wengi wetu tuliijua nusu. Nusu iliyobaki tuliijua kwa njia nitakayoieleza hapo mbele, maana mwenyewe ameniruhusu, na Mama Simu nilimsomea karatasi hizi akasema nimetia chumvi nyingi pale ninapomsifu mumewe.

Niliombwa niandike ukurasa mmoja. Mimi ni msimamizi wa kikosi cha pili, nimefanya kazi bega kwa bega na mzee huyu tangu nilipoajiriwa, na ukurasa mmoja haunitoshi hata kumsalimia. Mtanivumilia.

Mzee Tone hakuja hapa kama msafishaji. Alikuja kama dereva wa gari la kampuni, kazi yake ikiwa kutupeleka na kuturudisha, na katikati kulala usingizi wa haki kwenye kiti cha mbele. Siku moja mfanyakazi mmoja hakufika, naye akaombwa aingie ndani kushika ndoo tu. Katika nyumba hiyo mtoto alikuwa amechora kochi la rangi ya maziwa kwa kalamu ya wino, na akina mama wa kikosi walikuwa wanalisugua kwa sabuni na maji ya moto kwa bidii zao zote. Doa lilianza likiwa dogo kama kiganja, sasa lilikuwa limefika kwenye mto wa pili. Dereva akatazama, akaweka ndoo chini, akatoka. Walidhani amechoka. Alirudi na kisanduku cha huduma ya kwanza cha gari, akatoa kichupa cha spiriti na pamba, akapiga magoti mbele ya kochi kama daktari mbele ya mgonjwa.

Ujanja huo aliutoa kwenye kiwanda cha uchapaji, alikofanya kazi ujanani akiosha rola za mitambo. Kule wino ulikuwa ukiingia mpaka kwenye kucha, na kila jioni waliutoa kwa spiriti. Aliyajua mambo mawili ambayo kikosi kizima hakikuyajua: kwamba wino wa kalamu hauogopi sabuni hata kidogo, na kwamba unaiogopa spiriti sana. Kochi likarudi kuwa kochi. Kesho yake Bosi akamhamishia kwenye usafi, kampuni ikatafuta dereva mwingine, na kisanduku cha huduma ya kwanza cha gari lile hakijawahi kuwa na spiriti tena hadi leo. Ukiumia garini, utajijua mwenyewe.

Jina la Tone tulimpa sisi. Wageni wote kwenye kazi hii wana ugonjwa mmoja, wanamimina. Wakiona doa kubwa wanamimina sana. Mzee alikuwa akimnyang'anya mtu chupa mkononi kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, na kumwonyesha: tone kwenye pamba, pamba juu ya doa, kitambaa kikavu chini yake ikiwa ni nguo, kisha subiri. Usisugue. Pamba inakunywa, alikuwa akisema, wewe kazi yako ni kuinywesha. Uanze pembeni uende katikati ili doa lisitanuke, na pamba ikichafuka uigeuze au uitupe, usirudishe uchafu ulikotoka. Kwa njia hiyo nimemwona akitoa wino kwenye mifuko ya mashati, gundi ya stika kwenye friji, weusi wa vidole kwenye swichi za taa, ukungu wa dawa ya nywele kwenye vioo vya bafuni, na ule utandu wa ajabu unaokaa kwenye rimoti za televisheni ambao hakuna familia inayokubali kuwa ni wake.

Asije mtu akadhani hakuwahi kukosea. Mwaka wake wa kwanza alikuta alama ya kikombe kwenye meza ya mbao ya mwalimu mmoja mstaafu, akaipangusa kwa spiriti. Alama ilitoka na vanishi ikatoka pamoja nayo. Paliachwa baka jeupe katikati ya meza ambayo mwalimu alikuwa ameitunza tangu siku ya harusi yake. Mzee alirudi pale siku zake za mapumziko, akaitia meza msasa na vanishi mpya kwa mikono yake, na kwa miaka mingi baadaye alikuwa akipita kuisalimia meza ile kabla ya kumsalimia mwenyewe. Hapo ndipo alipoanzisha kile tunachokiita hodi.

Hodi ya Mzee Tone ina sehemu mbili. Ya kwanza unampigia mgonjwa, yaani kochi au ukuta au nguo: tia tone mahali pasipoonekana, nyuma au chini, subiri, kisha tazama kama rangi imekuja kwenye pamba. Ikija, funga chupa, tafuta njia nyingine. Ya pili unampigia mwenye nyumba. Unamuuliza doa hili ni la nini, ni la lini, na ni la nani. Hata kama doa unalijua kuliko unavyomjua shemeji yako, utauliza. Kuna bwana mmoja aliyekuja ofisini mwenyewe, mbio mbio, na shati lenye alama ya rangi ya midomo kwenye kola, akitaka litoke kabla mkewe hajarudi safari. Mzee Tone akavaa glavu, akaandaa pamba, akamuuliza kwa adabu zote: ni la nini, la lini, la nani. Bwana yule alitokwa na jasho ambalo nalo lilihitaji kusafishwa. Doa lilitoka, lakini hakupokea shati mpaka alipokaa kidogo na kunywa maji.

Usalama kwake ulikuwa ni dini. Madirisha wazi, jiko limezimwa, hakuna mshumaa, hakuna sigara. Mwenye nyumba mmoja, mtu mwenye cheo na tumbo la cheo, aliingia sebuleni akivuta sigara wakati pamba zikiwa mbichi. Wengine wetu tulitazamana, nani amwambie. Mzee alimshika mkono kama rafiki wa zamani, akatoka naye hadi barazani, akampigia soga za mpira mpaka sigara ikaisha, akamrudisha ndani. Mkubwa yule hadi leo anadhani alitolewa nje kwa mapenzi. Na Kasuku wetu, maana kila ofisi ina mmoja asiyefunga mdomo na sisi tuna yeye, aliwahi kutangaza kwamba amegundua dawa yake mwenyewe kwa kuchanganya spiriti na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Mzee alimpokonya ndoo, akamtoa nje, akamfundisha kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kabla wala baadaye kwamba vitu hivyo viwili havikai chumba kimoja, kwa sababu hewa inayotoka humo inaweza kumwangusha mtu. Siku ile Kasuku alinyamaza hadi saa ya chakula, na hilo tunalihesabu kama mafanikio makubwa ya Mzee katika utumishi wake.

Lakini nikiulizwa mimi, nitasema sifa yake kubwa si madoa. Tulikuwa tukiitwa kwenye nyumba zenye wagonjwa, na kuna baba mmoja mtu mzima ambaye godoro lake lilikuwa limelowa usiku, naye alikuwa amejikunja kwenye kiti akiangalia dirishani kwa aibu. Mzee Tone aliingia, akamsalimu, akajikwaa makusudi, akamwaga nusu glasi ya maji palepale juu ya godoro, na kuanza kuomba radhi kwa uzembe wake. Basi ikawa tunasafisha kosa la Mzee Tone. Yule baba alimsamehe kwa moyo mkunjufu na hata kumtania. Nilipanda gari nikajifanya natafuta kitu kwenye pochi ili yasionekane macho yangu.

Sasa nimfikie Mama Simu. Waliokuwa hapa zamani wanamkumbuka kwenye sherehe zetu za mwisho wa mwaka. Alikuwa mpokea simu wa hospitali, kwenye ule mtambo wa zamani wa kuchomeka waya, na alikuwa akimtambua mtu kwa kukohoa tu. Alinipigia simu mara moja nikiwa na mafua, nikasema haloo, akaniambia nisichelewe kunywa dawa na shikamoo nimpe baadaye. Mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyeanza kuuliza jambo lile lile mara tatu. Mzee alipoulizwa habari zake alikuwa akijibu kwamba anasahau kidogo siku hizi, kama sisi sote, kisha anabadilisha mazungumzo. Baadaye tulijua kwamba mkewe mwenyewe, katika siku ambazo akili ilikuwa imetulia, alimwomba asimtangaze. Akaahidi, na ahadi akaishika.

Kampuni yetu ina desturi ya usafi wa kwaheri. Mtu anapokaribia kustaafu, wenzake humvizia siku hayupo, wakaingia kwake na kusafisha nyumba nzima, kuanzia dari hadi chini ya vitanda. Ilianza kama utani, kwa sababu sisi tunaong'arisha nyumba za watu, kwetu ndiko buibui wanakolelea wajukuu. Mzee Tone ameshiriki usafi wa kwaheri wa kila mstaafu aliyemtangulia. Ilipofika zamu yake alikataa. Mara fundi rangi anakuja, mara kuna wageni, mara ufunguo umepotea. Tukasema mzee anajishaua, tukaendelea na mipango.

Jumamosi wiki mbili zilizopita alimpeleka Mama Simu kliniki. Ufunguo tulipewa na kitindamimba wao, dereva wa magari ya mizigo, ambaye nyumbani hupita kula na kuoga tu kisha anarudi barabarani. Tuliingia asubuhi, watu sita na ndoo zetu, tukaona aibu. Nyumba ilikuwa safi kuliko ofisi. Tulitafuta vumbi hata kwa kulibembeleza. Kilichokuwa kimeharibika ni kuta peke yake. Mstari wa bluu wa makapeni, zile kalamu nene za wino usiojali maji, ulianza sebuleni karibu na kiti cha Mama Simu, ukafuata korido yote hadi mlango wa choo, ukipanda na kushuka, ukirukaruka, kama umechorwa na mtoto anayekimbia. Mwingine wa kijani ulielekea chumbani. Pembeni ya jiko la gesi palikuwa na duara kubwa jekundu, na kwenye mlango wa nyuma jingine. Kitindamimba akacheka, akasema hao ni watoto wa kaka yake, walikuja likizo, na mzee kwa wajukuu hana kauli.

Fikirini furaha yetu. Makapeni juu ya ukuta wa rangi ya mafuta, somo la kwanza kabisa la Mzee Tone, na tumelikuta nyumbani kwake. Tulifungua madirisha. Tulizima jiko. Tulitia tone nyuma ya mlango, tukasubiri, rangi ya ukuta haikuja kwenye pamba. Kasuku akaanzia sebuleni, mimi nikaanzia mlango wa choo, tukakutana katikati ya korido tukipongezana. Mstari wa kijani na maduara mekundu wakamaliza wengine. Tukafunga milango yote minne ya korido ili ipendeze. Hodi ya kwanza tuliipiga vizuri. Ya pili hatukuipiga, kwa kuwa mwenye nyumba hakuwepo, na kwa kuwa tulijiona tunajua.

Waliporudi adhuhuri tulikuwa tumejipanga sebuleni na glavu zetu, tukisubiri makofi. Mzee alisimama mlangoni. Harufu ya spiriti ndiyo iliyomfikia kwanza, na nikaona macho yake yakienda moja kwa moja ukutani. Mama Simu alitusalimia mmoja mmoja, kwa heshima zote, kama wageni wake. Safari ilikuwa ndefu, alihitaji choo, akaelekea kwenye korido na kuinua mkono wake wa kulia ukutani. Mkono ukapapasa. Ukapanda, ukashuka, ukarudi. Akatazama milango, yote myeupe, yote imefungwa. Kisha akamgeukia mumewe na kumuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye ugenini anayeogopa kuwaudhi wenyeji:

"Mzee, hapa ni kwa nani?"

"Hapa ni kwetu, Mama," akamjibu, akamshika mkono na kumpeleka.

Kitindamimba alikaa sakafuni palepale. Ofisini wanasema aliyeanza kulia ni Kasuku, na yeye amekubali kubeba lawama hiyo kwa niaba yetu sote.

Mzee alirudi na mkewe, akamkalisha kwenye kiti chake, akampa maji. Kisha akaenda ukutani, akasogeza shavu karibu na rangi na kutazama kwa upande dhidi ya mwanga wa dirisha, namna ile ile aliyotufundisha ya kutafuta kivuli cha doa lililotoka nusu. Alitembea hivyo korido nzima, kwenda na kurudi, huku sisi tukiomba tuwe tumefanya kazi ya ovyo. Akanyooka.

"Mmesafisha vizuri mno," akasema. "Ningewafundisha vibaya kidogo tu, leo ningeiona njia."

Hakupaza sauti. Afadhali angetufokea.

Alitueleza yaliyobaki akiwa amekaa kwenye stuli ya jikoni. Ile mistari ndiyo iliyokuwa ikimwongoza Mama Simu ndani ya nyumba yake. Bluu choo, kijani kitanda, nyekundu hapana. Binti yao mkubwa ni mkunga katika mji mwingine, na kwa miezi mingi alikuwa anataka amchukue mama yake, akaishi naye ghorofani kwake. Ni binti mwema na hoja zake zilikuwa na uzito. Lakini Mzee alijua kwamba kule kila mlango ungekuwa mgeni, na mkewe angekuwa akiuliza swali lile la hapa ni kwa nani kila siku ya maisha yake. Wakakubaliana baba na binti: maadamu mama anafika chooni na kitandani kwa miguu yake bila kushikwa, anabaki. Akianza kupotea ndani ya nyumba, anahama. Binti alikuwa anakuja kesho yake, Jumapili, kujionea kwa macho.

Kitindamimba alitoka mbio kwenda duka la vifaa vya shule. Aliporudi na makapeni, Kasuku, kwa kutaka kulipa kosa, aliomba auchore mstari yeye. Alivuta kamba, akapima, akachora kitu kilichonyooka ajabu. Mama Simu aliletwa. Akautazama, akarudi nyuma, akatuita watoto, akatuambia tusiuguse, huo ni waya wa umeme. Ikabidi tuchukue spiriti tena na kuufuta wa Kasuku.

Ndipo Mzee alipotuonyesha alivyofanya mara ya kwanza. Alimshika mkewe mkono wa kushoto, akaacha wa kulia uteleze ukutani wenyewe pale ulipopenda, na wakaanza kutembea taratibu kuelekea chooni. Njiani alikuwa akimuuliza habari za kazi. Wodi ya wazazi ilikuwa namba ngapi? Famasi je? Na jikoni, kwa yule mpishi mkali? Mama Simu, ambaye asubuhi ile hakukumbuka kama amekunywa chai, alizitaja namba zote bila kusita, na ya mpishi akaitaja akicheka. Nyuma ya vidole vyake kalamu ya Mzee ilikuwa inafuata. Alipocheka mkono uliruka na mstari ukaruka nao. Sisi tuliowasingizia watoto wa watu tukaosha roho zetu kwa machozi mengine.

Kuna jambo moja la kazi nililiona siku ile. Mistari ya kwanza ilikuwa ikififia haraka, na Mzee alikuwa akiirudia kila wiki, kwa sababu mafuta ya mikono ukutani huuzuia wino kushika. Sasa ukuta ulikuwa umeoshwa kwa spiriti, mkavu, hauna hata chembe ya mafuta. Wino uliingia ukakaa. Tulichora na wa kijani, tukarudisha maduara, tukaacha milango yote wazi. Tulipoondoka jioni Mama Simu alikuwa amejaribu mara mbili. Mara ya kwanza alisimama katikati ya korido akasahau alikokuwa anakwenda, mara ya pili akafika. Hakuna aliyejua kesho itakuwaje.

Ya Jumapili nilisimuliwa na binti mwenyewe. Walikuwa wamekaa sebuleni, mazungumzo yamekuwa mazito, Mama Simu akainuka. Mzee naye akataka kuinuka. Binti akamwomba kwa macho asiinuke, akarudi kukaa, mikono juu ya magoti. Mkono wa Mama Simu ukaenda ukutani, ukaugusa mstari, na yeye akaingia kwenye korido. Walisikia mlango. Kisha kimya kirefu, kirefu kuliko alivyopenda binti, ambaye kwa kazi yake amezoea kusubiri. Kisha maji. Kisha hatua zikirudi. Mama Simu akatokea, akawakuta wote wawili wamemkodolea macho.

"Mna nini nyie?" akauliza. "Anayetaka choo si afuate bluu?"

Binti aliinuka, akaifuata bluu kwa kidole chake hadi mwisho, akajifungia humo mpaka alipoweza kutoka na uso mkavu. Jumatatu alirudi mjini kwake peke yake. Tangu siku hiyo hupiga simu kila jioni, na mama yake humtambua kwa sauti kabla hajasema jina.

Niseme na hili la leo, kwa sababu wengi mlikuwa mnauliza tangu mnaingia. Mzee alikuwa amemwomba Bosi pasiwe na sherehe. Hawezi kumwacha mkewe nyumbani, na kumleta kwenye jengo asilolijua, lenye korido ndefu nyeupe namna hii, ingekuwa ni kumwonea. Bosi mnamjua. Korido hii ndiyo fahari yake, anawaonyesha wateja wapya, na alama ya kidole kimoja inaweza kutuharibia wiki. Alimsikiliza Mzee, hakusema ndiyo wala hapana. Jumatano asubuhi alimfuata Mama Simu kwa gari lake mwenyewe, akamleta hapa kabla hatujafika kazini, akamshika mkono wa kushoto na kutembea naye taratibu kutoka ukumbini hadi choo cha wanawake, akimuuliza habari za namba za hospitali. Kalamu alishika yeye, na kwa mstari huo leo Mama Simu yuko nasi. Mnaweza kuona pale karibu na dirisha ambapo wote wawili walicheka sana.

Mzee Tone, asante kwa kutufundisha kutia tone badala ya kumimina, na kubisha hodi mara mbili. Asante kwa meza ya mwalimu, kwa glasi ya maji juu ya godoro, na kwa kutotufokea siku tuliyostahili. Wewe na Mama Simu tunawaombea siku ndefu zenye afya na vicheko vingi, katika nyumba yenu wenyewe, na milango yenu iwe wazi.

Kwenu wafanyakazi wenzangu mliomo ukumbini, nawafahamu, najua mikono inawawasha. Mstari huo usiguswe. Bosi ameagiza ubaki hapo hata baada ya leo, ili siku yoyote Mzee akitaka kuja kutusalimu, waje wote wawili.